Waroma walitoka wapi, na tunajuaje? Uzi wa kupima ushahidi wa lugha, hati na DNA

Bandiko #1 – MwanaIsimu

Wakuu, habari za jukwaa. Kila mada ya Waroma ikifunguliwa, kurasa mbili hazipiti kabla haijageuka ugomvi wa asili. Huyu anasema Misri, yule India, mwingine anasema ni watembezi wa Ulaya tu waliojipa jina. Nafungua uzi huu tuutazame ushahidi wenyewe: kipi kinathibitisha nini, na wapi watu huteleza.

Tuanze na majina. Naandika Mroma, Waroma (jamii iliyotawanyika Ulaya ambayo wengi huiita Gypsy), na lugha yao Kiromani. Warumi ni wale wa Kaisari na wa waraka wa Paulo. Waromania ni raia wa Romania, nchi ambayo jina lake kweli linatokana na Warumi. Jina la Waroma halitoki huko hata kidogo. Kwa Kiromani "rom" ni mwanamume wa jamii yao, au mume, na "romni" ni mwanamke au mke. Asiye Mroma huitwa "gadžo".

Jina hilo lina ndugu wawili. Huko Armenia kuna Walom, na Syria, Palestina na Jordan kuna Wadom. Kwenye Kisanskrit, lugha ya kale ya India, kuna "ḍomba", jina la watu wa tabaka la chini, wengi wao wapiga muziki. Sauti ya kwanza hutamkwa kwa kukunja ncha ya ulimi nyuma, na kila kundi liliigeuza kwa namna yake: Wadom wakabaki na d, Walom wakapata l, Waroma wakapata r. Hapa ndipo mtu makini anauliza: je, Kiromani kilifanya hivyo kwa neno hilo moja, au ni kanuni? Ni kanuni. Kijiko kwa Kiromani ni "roj", na upawa wa mbao kwa Kihindi ni "ḍoī". Sauti ileile, njia ileile.

Kwa hiyo mtu akikuletea orodha ya maneno "yanayofanana", usiikubali wala usiikatae kabla ya kuipitisha kwenye hatua hizi:

1. Anza na maneno ambayo watu hawaazimi ovyo: viungo vya mwili, undugu, namba ndogo, maji, moto, chumvi. Maneno ya ufundi na biashara yaache mwisho.
2. Linganisha na umbo la kale, usilinganishe na Kihindi cha leo peke yake. Kihindi nacho kimebadilika kwa muda uleule.
3. Tafuta mabadiliko ya sauti yanayojirudia. Kufanana pekee hakutoshi, kwa sababu maneno hufanana kwa bahati duniani kote.
4. Yakishapita hayo, ndipo uchambue matabaka ya mkopo.

Mfano wa hatua ya tatu. Kisanskrit kilikuwa na sauti ghuna (zinazotetemesha koo) zenye mpumuo: bh, dh, gh. Kiromani kilizigeuza zote kuwa sighuna zenye mpumuo: ph, th, kh. Kaka, "bhrātṛ", akawa "phral". Dada, "bhaginī", akawa "phen". Moshi, "dhūma", ukawa "thuv". Majani ya mifugo, "ghāsa", yakawa "khas". Samli, "ghṛta", ikawa "khil". Maneno matano, kanuni moja, na hakuna hata moja linalokwenda kinyume. Huo ndio ushahidi. Orodha ya maneno 200 yanayofanana bila kanuni haina uzito wa hayo matano.

Sasa namba, na hapa msomaji wa Kiswahili ana faida kuliko wasomaji wengi wa Ulaya. Kiromani huhesabu hivi: jekh, duj, trin, štar, pandž, šov, efta, oxto, enja, deš. Moja hadi sita na kumi ni za India. Saba, nane na tisa ni za Kigiriki. Waandishi wa zamani walisumbuka nazo sana, lakini sisi tunasema moja, mbili, tatu, nne, tano, nane, kumi kwa Kibantu, halafu sita, saba, tisa kwa Kiarabu, na hakuna mwanaisimu anayesema Kiswahili ni Kiarabu kwa sababu ya sita na saba. Sisi tuna ishirini na thelathini za Kiarabu. Wao wana "biš" ya India kwa ishirini, na "tranda" ya Kigiriki kwa thelathini. Mkopo unaeleza lugha iliishi na nani. Uzao wake unasomwa kwenye sarufi na maneno ya msingi.

Kwa vipimo: kwenye lahaja zote zikijumlishwa, Kiromani kina mizizi kama 700 ya Kiindo-Arya (jamii ya Kisanskrit na Kihindi), kama 70 ya Kiajemi, kama 40 ya Kiarmenia, na hadi 250 ya Kigiriki. Lahaja moja moja huwa na pungufu ya hapo.

Karibuni.

---

Bandiko #2 – BintiMrima

Asante sana mwalimu, hilo la namba limenikaa. Maswali mawili. Kwanza, hayo 40 ya Kiarmenia yanathibitisha kwamba waliishi Armenia? Pili, kuna mwaka wa kutoka India tunaoweza kuutaja?

---

Bandiko #3 – MwanaIsimu

Bi BintiMrima, la kwanza: hapana, na hili ni kosa la karne nzima. Mwanaisimu Franz Miklosich, miaka ya 1870, alipanga maneno ya mkopo akachora njia za safari kwa kufuata matabaka. Mbinu ni nzuri. Kosa ni kuchukua jina la lugha na kulichoma kwenye ramani ya leo. Kiarmenia kilizungumzwa pia mashariki ya Anatolia, ndani ya dola ya Bizanti. Maneno kama "grast" (farasi), "bov" (tanuri), "kotor" (kipande) na "xumer" (unga uliokandwa) yanatuambia waliishi jirani na wasemaji wa Kiarmenia, basi. Waliishi upande gani wa mpaka, maneno hayasemi.

Kitu kinachokosekana nacho ni ushahidi. Maneno yaliyoingia moja kwa moja kutoka Kiarabu ni haba mno. Hii inaonyesha hawakukaa muda mrefu kwenye nchi za wasemaji wa Kiarabu, na ndiyo inayoua kabisa ile habari ya Misri.

Kigiriki kiliingia hadi mifupani. Kiromani kina kibainishi kinachotangulia nomino, "o rom", "i romni", mtindo ambao lugha za India hazina na Kigiriki kinao. Tena nomino zilizoingia baada ya hapo hupewa viambishi vya Kigiriki, wakati nomino za kale hubaki na viambishi vya Kiindo-Arya. Yaani sarufi yenyewe ina ghala mbili, na ukiona neno limewekwa ghala gani unajua limeingia kabla au baada ya Ugiriki. Kiwango hicho hakipatikani kwa kupita njia. Ni vizazi vingi vya watu wanaozungumza lugha mbili kila siku.

La pili, mwaka. Tunapata wakati wa mapema usioweza kupitwa, siyo mwaka. Kisanskrit kilikuwa na jinsia tatu za nomino. Kiromani kina mbili, na nomino za jinsia ya tatu kwa sehemu kubwa zilihamia ya kiume, sawa na kwenye Kihindi. Mabadiliko hayo yanawekwa kuelekea mwisho wa milenia ya kwanza. Kwa hiyo mababu wa Waroma walikuwa bado wanaishi na wasemaji wa lugha hizo wakati huo. Upande wa pili, hati ya Kijojia iliyoandikwa mnamo 1068 inawataja "Adsincani" waliokuwa Constantinople, mji mkuu wa Bizanti, mnamo 1050, na wataalamu wengi wanaichukua kuwa habari ya Waroma. Dirisha letu liko humo.

Mwanaisimu Ralph Turner aliongeza jambo la maana mwaka 1926. Kiromani kina mabadiliko ya kale ya lugha za katikati ya India kaskazini, lakini kimehifadhi miungano ya konsonanti iliyokufa huko na kubaki kaskazini-magharibi. Angalia "vast" (mkono): Kisanskrit "hasta", Kihindi cha leo "hāth". Kihindi kimepoteza -st-, Kiromani kinayo. Vivyo hivyo "trin" kwa tatu, Kihindi "tīn". Hitimisho lake: walianzia katikati, wakahamia kaskazini-magharibi mapema, kabla miungano hiyo haijavunjika, wakakaa huko, ndipo wakatoka. Karibu miaka mia imepita na hoja hiyo bado inasimama.

---

Bandiko #4 – Kalamu_Kavu

Mkuu, vipi habari ya Bahram Gur? Mshairi Firdausi ameandika kwamba mfalme huyo wa Uajemi aliomba wapiga muziki kutoka India, akawapa ng'ombe na ngano walime, wao wakala vyote, akawafukuza wazunguke dunia. Makala nyingi zinaianza historia ya Waroma hapo.

---

Bandiko #5 – MwanaIsimu

Ndiyo, na zinakosea. Bahram Gur alitawala 420 hadi 438. Mabadiliko ya jinsia za nomino niliyoyataja yalikuja karne kadhaa baadaye, na Kiromani kinayo. Huwezi kuwa umeondoka India karne ya 5 na bado ukabeba mabadiliko ya India ya karne ya 9 au 10. Hamza wa Isfahani aliisimulia katikati ya karne ya 10, Firdausi akaitia kwenye shairi lake mwanzoni mwa karne ya 11, miaka karibu 600 baada ya mfalme mwenyewe. Labda inahifadhi kumbukumbu ya wapiga muziki wengine wa India walioingia Uajemi. Ushahidi wa Waroma siyo.

Wadom nao wasichanganywe. Zamani iliaminika kulikuwa na msafara mmoja uliogawanyika Uajemi ukazaa Waroma, Walom na Wadom. Lakini dada kwa Kidomari, lugha ya Wadom, ni "bēn", kwa Kiromani "phen". Sauti hazikupita njia moja. Siku hizi wengi wanaona ni makundi ya asili ya karibu yaliyotoka kila moja kivyake.

---

Bandiko #6 – Chembe_Hai

Niongezee upande wa jeni, maana watu wanaitaja DNA kama hukumu ya mwisho.

Utafiti unaonukuliwa zaidi ni wa 2012. Ulichukua makundi 13 ya Waroma wa Ulaya, ukalinganisha jenomu nzima, ukakadiria asili moja kaskazini au kaskazini-magharibi ya India miaka kama 1,500 iliyopita, na kutawanyika kuanzia Balkani miaka kama 900 iliyopita. Kabla ya hapo kulikuwa na ushahidi wa kromosomu Y (ile mwana wa kiume anayorithi kwa baba), tawi la H lenye alama M82 ambalo asili yake ni Asia ya Kusini. Kulikuwa pia na mabadiliko ya jeni ya CHRNE yanayoitwa 1267delG, yanayoleta ugonjwa wa kurithi wa kudhoofika misuli. Mabadiliko hayohayo, kwenye kipande kilekile cha kromosomu, yapo kwa Waroma na kwa wagonjwa wa India na Pakistani. Hiki ni kielelezo kizito, kwa sababu kosa lilelile la nadra kutokea mara mbili katika mazingira yaleyale ni jambo gumu mno.

Lakini ona mgongano: isimu inasema hawakutoka kabla ya karne ya 9 au 10, jeni zinasema miaka 1,500. Nani kakosea? Si lazima awepo. Tarehe ya jeni inapima lini jamii hiyo iliacha kuoana na jirani zake, wala haipimi lini ilivuka mpaka. Tabaka linaweza kuoana ndani kwa ndani miaka 500 likiwa bado India. Anayeandika "DNA imethibitisha waliondoka mwaka 500" amesoma kichwa cha habari.

Makosa mengine ya kuangalia:

Sampuli. Watafiti wengi hupenda makundi yaliyojitenga zaidi kwa sababu matokeo yake yanakuwa safi, kisha wanaandika "Waroma" kwa ujumla. Anayeishi mjini aliyechanganya damu hachukuliwi. Mwisho wake ni kwamba utafiti unathibitisha utengano ambao wenyewe ndio ulioutumia kuchagua watu.

Ridhaa. Mwaka 2021 Veronika Lipphardt, Mihai Surdu na wenzao walichapisha tathmini ya makala zaidi ya 450 za miaka 30. Walikuta damu iliyotolewa kwa kazi moja ikitumiwa kwa nyingine, ridhaa zisizoeleweka, na majina ya kudhalilisha yakitumika kwenye maandishi ya sayansi. Kwenye hifadhidata moja ya umma inayotumiwa na wapelelezi, zaidi ya nusu ya sampuli za Bulgaria zilikuwa za Waroma, wakati wao ni kama asilimia 5 ya watu wa nchi hiyo. Hilo linaumiza, na linapotosha hesabu za mahakamani pia.

Na jambo la msingi: DNA haimpi mtu Uroma wala haimnyang'anyi.

---

Bandiko #7 – BintiMrima

Hapo kwa Chembe_Hai nimeelewa vizuri. Swali kwa wana-historia: nimesoma kwamba Waroma wa Romania walikuwa watwana, yaani wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya makabaila, kama wakulima wengine wa zama hizo. Ni sahihi?

---

Bandiko #8 – Nakala_za_Kale

Si sahihi, dada yangu, na hili neno "watwana" limeficha jambo zito kwa muda mrefu. Hati za Wallachia na Moldavia, tawala mbili zilizokuja kuungana kuwa Romania, zinatumia maneno mawili tofauti. Mkulima aliyefungwa kwenye ardhi aliitwa "rumân" kule Wallachia na "vecin" kule Moldavia. Mroma aliitwa "rob", yaani mtumwa, mali ya mtu. Mtwana huuzwa pamoja na ardhi. "Rob" aliuzwa peke yake, alitolewa mahari, aliwekwa rehani, na watoto waligawanywa kwenye mirathi.

Hati ya kwanza inayojulikana ni ya 1385. Mtawala Dan wa Kwanza anaithibitishia monasteri ya Tismana kaya 40 za Waroma. Moldavia ni 1428. Kulikuwa na wamiliki wa aina tatu: mtawala, monasteri, na makabaila. Tofauti hiyo ishike, kwa sababu uhuru ulikuja kwa mafungu. Moldavia ilianza na watumwa wa kanisa 1844 na ikamaliza na wa watu binafsi 1855. Wallachia ilianza na wa dola 1843, wa kanisa 1847, wa watu binafsi Februari 1856. Ukiona makala imeandika "1856" tu, imeruka miaka kumi na mitatu ya sheria. Makadirio ya waliokuwa watumwa ni kama watu 250,000. Wallachia mmiliki alilipwa sarafu 10 za dhahabu kwa kila mtu. Aliyeachwa huru hakupewa shamba wala fidia. Anayeijua sheria ya Zanzibar ya 1897 ataukumbuka utaratibu huo: fidia ilikwenda kwa bwana.

Tunaunganisha na lugha vipi? Makundi yaliyotoka huko wakati huo na baadaye, Kalderash wafua shaba na Lovari wachuuzi wa farasi, yalienea hadi Amerika. Lahaja zao zinaitwa Vlax, na zimejaa Kiromania. Kuzitambua ni rahisi: "nilifanya" kwao ni "kerdem", wakati lahaja nyingine husema "kerdom". Mzungumzaji wa Kivlax wa Chicago anabeba kwenye kitenzi hicho kimoja alama ya karne tano za utumwa wa Danube.

---

Bandiko #9 – Kalamu_Kavu

Nashukuru kwa bandiko hili, mkuu. Na Misri ilitoka wapi basi, kama lugha inaikataa?

---

Bandiko #10 – Nakala_za_Kale

Ilitoka Ugiriki. Karibu na bandari ya Modon, kusini mwa Peloponnese, kulikuwa na makazi ya Waroma ambayo mahujaji wa kwenda Yerusalemu walipaita Misri Ndogo. Walipoingia Ulaya ya Magharibi viongozi wao walijitambulisha kuwa makabaila wa Misri Ndogo walio kwenye hija ya toba ya miaka saba. Wanaonekana Lübeck na Hamburg 1417 wakiwa na barua za ulinzi za mfalme Sigismund, Bologna 1422, Aragon Januari 1425 kwa kibali cha Alfonso wa Tano, na milangoni mwa Paris Agosti 1427. Hapo ndipo yalipozaliwa majina Gypsy na Gitano. Zigeuner, Zingaro na Țigan zinatoka kwenye Kigiriki "Atsinganoi", na jina hilo likahusishwa na kundi la wazushi wa dini waliotajwa zamani zaidi.

Fundisho kwa anayesoma hati za karne ya 15: mwandishi wa mji anaandika alichoambiwa getini, na aliyeko getini anasema kitakachofungua geti. Ukarimu wenyewe haukudumu. Mwaka 1498 baraza la dola ya Kijerumani huko Freiburg liliwaondolea ulinzi wa sheria, Uingereza ikatoa sheria ya kuwafukuza 1530, na Hispania usiku mmoja wa Julai 1749 iliwakamata maelfu, familia nzima nzima, kwa amri moja.

---

Bandiko #11 – MwanaIsimu

Naomba niseme kuhusu taaluma yenyewe, kwa sababu haina mikono misafi.

Hadithi maarufu inasema mwanafunzi wa Hungaria, Vályi, aliwasikia wanafunzi wa Malabar huko Leiden, akapeleka maneno yao nyumbani, Waroma wakayaelewa. Ilichapishwa 1776. Tatizo: lugha ya Malabar ni Kimalayalam, ambayo si ya jamii ya Kiindo-Arya kabisa. Ya uhakika ni ya Johann Rüdiger. Kwenye andiko lake la 1782 anaeleza kwamba, kule Halle, Ujerumani, alimwomba mwanamke wa Kiroma aliyeitwa Barbara Makelin amtafsirie sentensi, kisha akazilinganisha na sarufi ya Kihindustani iliyoandikwa na mmisionari. Alilinganisha sarufi, hakuishia kwenye maneno, na akaandika wazi kwamba hali ya Waroma ni matokeo ya dhuluma ya mataifa ya Ulaya. Mwanamke huyo anastahili kutajwa kila mara, kwani bila sentensi zake hakuna ugunduzi.

Mwaka uliofuata Heinrich Grellmann alitoa kitabu chake, na hicho ndicho kilichosomwa Ulaya nzima. Alichukua hoja ya India akaifunga pamoja na kila uvumi wa magazeti. Mojawapo ni kesi ya wilaya ya Hont, Hungaria, 1782, ambako Waroma zaidi ya 40 waliuawa kwa tuhuma za kula watu. Uchunguzi wa mfalme ulikuta hakuna aliyeliwa. Vitabu vingi vya karne ya 19 vinarudia Grellmann bila kumtaja. Mkisoma kitabu cha zamani, tazameni kwanza sura ya tabia na maadili. Kama imejaa wizi na nyama mbovu, mwandishi amenakili, hakuchunguza.

---

Bandiko #12 – Nakala_za_Kale

Na mstari huo ulifika mbali. Mwaka 1936, Ujerumani ikiwa chini ya Wanazi, daktari Robert Ritter alipewa kituo cha utafiti wa rangi za watu mjini Berlin. Yeye na msaidizi wake Eva Justin walizunguka kambini na majumbani wakipima vichwa, wakichora miti ya ukoo, na kutoa hukumu za rangi kama 24,000. Polisi walizitumia kuchagua nani apelekwe. Amri ya Himmler, mkuu wa SS na polisi, ya 16 Desemba 1942 iliwapeleka kwenye kambi ya Auschwitz huko Poland. Kambi ya familia ilikuwa sehemu ya BIIe ya Birkenau, tawi la Auschwitz. Waliopelekwa ni kama 23,000, waliokufa ni kama 21,000.

Tunawajua kwa majina kwa sababu wafungwa wa Poland waliiba vitabu vya usajili mwaka 1944, wakavifunga kwenye nguo, wakaviweka kwenye ndoo na kuvifukia. Vilifukuliwa Januari 1949. Maji yalikuwa yameharibu kurasa nyingi, lakini yanasomeka majina 20,943: wanawake 10,849 na wanaume 10,094.

Usiku wa 2 Agosti 1944 kambi ilifutwa. Vitabu vya zamani vinataja 2,897 waliouawa usiku huo; hesabu mpya ya makumbusho ya Auschwitz ni 4,200 hadi 4,300. Ukinukuu, nukuu hiyo mpya.

Kwa Ulaya nzima makadirio ni 200,000 hadi 500,000. Upana huo hautokani na uzembe wa wanahistoria. Waliopigwa risasi misituni upande wa Kisovieti waliandikwa "wazururaji" au hawakuandikwa. Kroatia, makumbusho ya Jasenovac yamekusanya majina zaidi ya 16,000 ya Waroma, na kazi inaendelea. Romania iliwahamishia Transnistria kama 25,000 mwaka 1942, na karibu 11,000 hawakurudi.

Baada ya vita? Mahakama ya juu ya Ujerumani Magharibi iliamua 1956 kwamba mateso ya kabla ya 1943 yalikuwa hatua za polisi dhidi ya uhalifu, hivyo fidia zikakataliwa. Iligeuza msimamo 1963, wengi wakiwa wamekufa. Karatasi za Ritter zilibaki mikononi mwa watafiti walioendelea kuzitumia. Septemba 1981 Wasinti, Romani Rose akiwa miongoni mwa viongozi, walikalia hifadhi ya Chuo Kikuu cha Tübingen hadi karatasi hizo zikapelekwa hifadhi ya taifa huko Koblenz. Mwaka uliofuata serikali ya Helmut Schmidt ikayatambua kuwa mauaji ya kimbari.

---

Bandiko #13 – BintiMrima

Sina la kuongeza hapo. Nauliza tu: umeandika Wasinti. Ni Waroma au siyo?

---

Bandiko #14 – MwanaIsimu

Lugha yao ni lahaja ya Kiromani, lakini wengi wao hawajiiti Waroma na hawapendi kuitwa hivyo. Ndiyo maana Ujerumani husemwa "Sinti na Roma". Ufaransa kuna Wamanush, Hispania na Finland Wakale, Uingereza Romanichal. Neno "Roma" kwa wote lilishika nguvu kwenye kongamano la kwanza la dunia, karibu na London, 8 Aprili 1971. Hapo ndipo ilipokubaliwa bendera ya buluu na kijani yenye gurudumu jekundu.

Wabeash wanazungumza Kiromania kama lugha ya mama, na bado wengi hujiona Waroma. Wasafiri wa Ireland ni watu wengine kabisa, asili yao ni Ireland. Gypsy ni tusi sehemu nyingi, ila Uingereza wapo wanaojiita hivyo kwa fahari, na sensa yao ya 2021 iliweka Gypsy na Roma visanduku tofauti.

Hii inaeleza pia kwa nini takwimu hazikutani. Romania sensa ya 2011 ilipata Waroma kama 621,000. Baraza la Ulaya linakadiria kama milioni 1.85. Kwa mtu ambaye babu yake alipelekwa Birkenau kwa kuwa aliandikwa kwenye orodha, kuficha kabila mbele ya karani si ujinga. Ukitumia takwimu, taja kama ni ya kujitambulisha au ya makadirio.

---

Bandiko #15 – Kalamu_Kavu

Mwalimu, nimejaribu hatua zako kwa maneno sita, nisahihishe. "Jakh" (jicho): India. "Drom" (njia): India, maana ina dr- kama "drakh" ya zabibu. "Baxt" (bahati): Kiarabu kupitia Waturuki. "Kokalo" (mfupa): Kigiriki. "Rat" (usiku): India. "Rat" (damu): ni hilohilo, maana limepanuka.

---

Bandiko #16 – MwanaIsimu

Matatu umepata: jakh, kokalo, na rat ya usiku. "Jakh" linatoka "akṣi", na kṣ kuwa kh ndiyo alama ya katikati ya India aliyoizungumzia Turner.

"Drom" ni Kigiriki, "dromos". Umeruka hatua ya pili. Hukutafuta umbo la kale, umefuata herufi mbili za mwanzo. "Drakh" ni kweli ya India, "drākṣā".

"Baxt" ni Kiajemi, na liliingia kabla ya Waturuki. Neno hilohilo limetufikia sisi kupitia Kiarabu, ndiyo bahati yetu. Usiseme Kiromani na Kiswahili vina undugu; vimenunua duka moja.

"Rat" mbili ni maneno mawili. Usiku ni "rātri", damu ni "rakta". Yamegongana baada ya sauti kudondoka. Kosa hili ni la kawaida sana: mtu anaona umbo moja, anatunga maana ya kuyaunganisha. Tafuta mzizi kwanza, ndipo useme maana imepanuka.

Jaribu sasa "foro" (mji), "lon" (chumvi) na "petalo" (kiatu cha farasi). Ukimaliza, ueleze kwa nini chumvi haikuazimwa na kiatu cha farasi kiliazimwa.